Idd Mubarak kutoka Mombasa, na neno kuhusu ile amani tuliyoiomba

Idd Mubarak jamaa na majirani, wa kisiwani, wa ng'ambo Likoni, wa Kisauni na Changamwe, pamoja na nyinyi mlioko Oman na Saudia mnaoiona Idd yetu kwenye simu. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu na sala zetu, awarehemu tuliowazika kabla mwezi haujaandama. Majirani zetu Wakristo mliovumilia ngoma za daku mwezi mzima, sahani zenu za pilau ziko njiani. Watoto nao wameshapokea mkono wa Idd na sasa wanaulizia bembea za Makadara, kwa hivyo nitaandika haraka kabla sijaburutwa.

Asubuhi baada ya swala imamu alituombea amani, na uwanja mzima ukaitikia amin. Mombasa ikitajwa amani, akili hukimbilia bunduki, mapanga na magari ya polisi. Hayo yapo, sikatai. Lakini Ramadhani hii kilichotunyima usingizi mtaani kwetu ni maji. Saa nane za usiku, daku haijaliwa, mitungi ya lita ishirini imeshapangwa mbele ya kioski: mmoja umefungwa kitambaa chekundu mkononi, mwingine umechorwa herufi kwa msumari wa moto. Msogeze mtungi wa mwenzako hatua moja tu, usikie maneno yasiyomfaa mtu anayenuia saumu! Na wanaosimama gizani pale ni akina mama na wasichana wetu.

Wazee watasema zamani kila nyumba ilikuwa na kisima chake. Ni kweli, na vingi bado vipo, ila maji yake yamekuwa ya chumvi hata chai haiivi ikanyweka. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye vitundu vidogo vidogo, na maji matamu yamelala juu ya maji ya bahari. Kila ghorofa jipya linachimba kisima na kutia pampu. Yakivutwa mengi kuliko mvua inayoyarudisha, bahari inapanda kuziba pengo. Ongeza choo cha shimo upande wa pili wa ukuta. Hakuna adui aliyetuvamia hapo. Tumejivamia wenyewe, kwa kibali na ramani iliyopigwa mhuri.

Mimi si wakili, lakini Kifungu cha 238 cha Katiba yetu ya 2010 hakisemi usalama wa taifa ni mipaka peke yake. Kinataja watu, haki zao, mali yao, amani, utulivu na ustawi wao. Ukikisoma hivyo, kesi ya Owino Uhuru, mtaa wa wanyonge hapa hapa Mombasa, ilikuwa ya usalama tangu siku ya kwanza. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ubavuni mwa mtaa wa watu, risasi, yaani ile metali yenye sumu iliyomo ndani ya betri, ikaingia kwenye vumbi, kwenye maji, kisha kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa humo na ambaye mwanawe aliugua, akaanza kupiga kelele. Mwaka 2012 akakamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, mpaka mahakama ikamwachilia. Yaani sumu ilikuwa huru, na aliyeitaja ndiye aliyepandishwa kizimbani! Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyekunywa maji yale angali mdogo leo ni mtu mzima.

Kiwanda kile kilipewa nafasi kwa jina la ajira, na hilo si la kwetu pekee. China, katika miaka ambayo uchumi wake ulikuwa unapaa, kiwanda cha kemikali kililipuka Jilin Novemba 2005, sumu ikamwagika katika mto Songhua, na Harbin, jiji la mamilioni, likafungiwa mifereji kwa siku kadhaa. Watu wakagombea maji ya chupa madukani, huku sumu ikiteremka kuelekea Urusi. Utajiri haukuwasaidia kunywa.

Sisemi bandari isikue. Nusu ya mnaosoma hapa mmelelewa kwa mshahara wa Kilindini, na tangu reli mpya ilipofika 2017 wapo waliopata kazi na wapo waliopoteza, hasa wa malori. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba lazima tuchague. Tazameni Makupa. Tangu ukoloni tuta la barabara pale lilikuwa limekaba mkondo kati ya hori la Tudor na Port Reitz. Lilipojengwa daraja mwaka 2022, magari yakapita juu na maji yakapita chini. Serikali ikitaka, inajua.

Na mikoko ya Tudor? Imekatwa kwa boriti na kuni, iliyobaki inanyweshwa maji taka ya jiji. Kamba na samaki wengi hukulia kwenye mizizi ile, kwa hivyo mvuvi wa mtumbwi akirudi mikono mitupu, chanzo kiko pale. Mwanawe naye atatafuta riziki pengine, na si kila pengine pana heri. Kamati za usalama zikikutana, ningependa mwenyekiti aulize habari za mikoko kabla ya kuuliza habari za mapanga.

Wanaofunga sita za Shawwal, Mungu awape nguvu. Tukizimaliza, Jumamosi itakayofuata vijana wa mtaa wanapanda miche ya mikoko upande wa Mikindani, maji yakishatoka. Njooni na viatu vya kutupa, maana tope lile halirudishi ndara. Kahawa tungu na kashata ziko juu yangu.

Kullu aam wa antum bikheir.