Kwa nini ninaiweka Hearts of Stone mbele

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe pamoja na wote wa nyumbani. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeisoma kwa makini, hasa pale ulipoandika kwamba kati ya nyongeza mbili za mchezo wa video wa The Witcher 3, Blood and Wine ndiyo pekee yenye thamani, na kwamba Hearts of Stone ni kipande kidogo kilichotolewa ili kuwashikilia wachezaji wakati kitu kikubwa kikiandaliwa. Hoja hiyo nimeipima kwa siku kadhaa na siwezi kuikubali. Kwa kuwa jambo lenyewe nalipenda sana, naomba uniruhusu nikueleze kwa kirefu.

Blood and Wine kwanza ipewe haki yake. Ilipotoka tarehe 31 Mei 2016, studio ya CD Projekt Red ya Poland iliwapa wachezaji nchi mpya kabisa, Toussaint, yenye mashamba ya mizabibu na jua ambalo hatukulizoea katika matope na vita vya Velen ya mchezo mkuu. Geralt, mhusika mkuu, aliyezunguka maisha yake yote akiwinda mazimwi kwa malipo, anapata hatimaye nyumba yake mwenyewe, Corvo Bianco, na mchezaji aliyekwisha kufika ngazi za juu anapewa mfumo wa mabadiliko ya mwili unaomlazimu kufikiri upya namna ya kupigana. Regis, yule mnyonya damu mpole, ni miongoni mwa wahusika waliochorwa vizuri kuliko wote. Mwaka huohuo nyongeza hiyo ilitunukiwa tuzo ya mchezo bora wa kuigiza wahusika katika The Game Awards, ikiwa imeshindanishwa na michezo kamili, na sioni kwamba ilipendelewa.

Tunachotofautiana, nadhani, ni kipimo. Wewe umepima ukubwa wa ramani na idadi ya saa, na kwa kipimo hicho umeshinda kabla hatujaanza, kwa sababu watengenezaji wenyewe walitangaza takriban saa 10 kwa Hearts of Stone na takriban 20 kwa nyongeza ya pili, na bei zikafuata hivyohivyo: dola 9.99 na dola 19.99. Mimi naona nyongeza ipimwe kwa yale inayoufanyia mchezo inaouongeza. Toussaint ni nzuri, lakini iko kando. Ukiiondoa, safari ya Geralt ya kumtafuta Ciri, binti aliyemlea, haipungukiwi kitu. Hearts of Stone, iliyotoka tarehe 13 Oktoba 2015, haikuongeza nchi mpya. Ilifungua sehemu zaidi upande wa mashariki wa ramani ileile, kisha ikaingia ndani ya hadithi tuliyodhani tumekwisha kuijua.

Kumbuka ile baa ya White Orchard, mwanzoni kabisa mwa mchezo, ambapo mfanyabiashara wa vioo, mtu wa maneno laini, anamwelekeza Geralt mahali pa kupata habari za Yennefer, mchawi ampendaye. Wengi wetu tulimpita bila kumkumbuka. Mtu huyo ndiye Gaunter O'Dimm, mnunuzi wa roho za watu, na Hearts of Stone inapomrudisha, akimtoa Geralt katika minyororo ya watu wa Ofir, nchi ya mbali, kwa sharti la mkataba na alama aliyomchapa usoni, msaada ule mdogo wa baa unageuka kuwa jambo la kuogofya. Hakuna hata neno moja la mchezo wa awali lililobadilishwa, na bado mchezo huo si uleule tena. Hicho ndicho ninachokitaka katika nyongeza, na sijakipata kwingine kwa kiwango hicho.

Mkataba wenyewe umejengwa juu ya simulizi ya kale ya Wapolandi kuhusu Pan Twardowski, mtu wa ukoo bora aliyeuza roho yake kwa sharti kwamba isichukuliwe ila akiwa Roma, kisha akanaswa katika nyumba ya wageni iliyoitwa Roma, na mwisho wake ukawa mwezini. Olgierd von Everec, bwana ambaye O'Dimm anamdai roho, naye ameweka sharti kwamba atimiziwe matakwa matatu, kazi anayotwishwa Geralt, na kwamba deni lidaiwe yeye na O'Dimm wakiwa wamesimama juu ya mwezi. Mwezi huo unageuka kuwa picha iliyochorwa sakafuni mwa hekalu. Waandishi waliichukua hila hiyo ya kale na kuipa uzito wa kibinadamu: kila alichokipata Olgierd, mali, kutokufa, hata mke aliyempenda, kilimfanya moyo wake uwe mgumu kiasi cha kutoweza tena kukifurahia.

Na uangalie matakwa hayo matatu yalivyotofautiana. Moja linampeleka Geralt katika harusi ya kijijini akiwa amepagawa na Vlodimir, ndugu wa Olgierd aliyekufa, na kati ya kukamata nguruwe na kutafuta viatu bwawani tunamwona Shani, rafiki wa zamani wa Geralt, akimtazama rafiki ambaye si yeye. La pili ni wizi katika nyumba ya mnada ya akina Borsodi. La tatu linamwingiza katika ulimwengu wa michoro ya Iris, mke aliyeachwa peke yake mpaka akafa, ambapo unapaswa kuamua kama utalichukua ua la waridi ilhali unajua kuwa kulichukua ni kuukomesha ulimwengu wake. Nililiweka chini rimoti la mchezo nikafikiri kwa muda mrefu kabla ya kuchagua.

Kasoro zipo. Fundi wa maandishi ya kichawi kutoka Ofir anadai jumla ya sarafu 30,000 kabla hajakufanyia kazi yake yote, na madai hayo ni mzigo usio na hadithi yoyote ndani yake. Pambano la yule mtunza nyumba wa akina von Everec, anayejiponya kila anapokupiga, linachosha kuliko linavyotisha. Lakini hata Blood and Wine uliyoisifu ina kosa ambalo mimi naliona kubwa zaidi: uhai wa Syanna, dada wa mtawala wa Toussaint, unaweza kutegemea utepe uliopatikana kwa muuza viberiti katika nchi ya hadithi za watoto, na mchezaji aliyempita hana namna ya kujua alichokosa.

Ukiwa na nafasi, anza tena na uicheze Hearts of Stone kabla hujamaliza kumtafuta Ciri. Ukimwachia O'Dimm amchukue Olgierd, unaweza kumwomba akueleze namna ya kumwokoa Ciri, naye atakupa maelekezo yanayohusu maamuzi ya mchezo mkuu wenyewe. Ukiingilia kati, utategewa kitendawili huku muda ukikimbia, bila orodha ya majibu ya kuchagua. Jibu utalitafuta kwa macho, vioo vikivunjika kimoja baada ya kingine, kama sisi tuliokulia kwenye vitendawili tulivyozoea kutazama kwanza kabla ya kusema. Safari iliyopita uliniambia ulimwacha achukuliwe. Mara hii simama upande wa Olgierd, kisha uniandikie unaonaje.

Wasalimie wazee na wadogo.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.