Mabango yetu yamejaa maneno, hayasomeki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme wateja wangu, na wateja wa mafundi wenzangu wa mabango hapa Mtwara. Kwa kuwa bango hulipiwa kwa mita za mraba, mteja anataka kila sentimita ijazwe: jina la duka, huduma zote, namba za simu za mitandao mitatu, picha yake mwenyewe akiwa na suti. Ukimwachia sehemu tupu, anaona umemdhulumu.

Anayedhulumiwa ni mpita njia. Bodaboda iendayo kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde. Herufi yenye kimo cha sentimita 10 husomeka bila taabu kutoka umbali wa mita 12 hivi. Basi huyo abiria ana sekunde moja. Atadaka maneno mawili matatu, si orodha ya huduma kumi na nne.

Kwenye ubunifu, nafasi tupu ina hadhi sawa na mstari, umbo na rangi. Ajabu ni kulazimika kulieleza hilo huku kusini. Kitazame kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa mawingu: mpingo umetobolewa, na uwazi ule ndio unaolizungusha jicho. Atakayeniuliza mbona kinyago cha ujamaa kimejaa watu toka chini hadi juu, akitazame tena. Miili imepandana kwa mpango, mgongo wa huyu unakupeleka kwenye bega la yule, jicho linapanda lenyewe. Watu ni wengi ila hakuna vurugu.

Kanga nayo ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina kwenye kisanduku chake. Jina lenyewe ni msemo mmoja. Angetokea mwenye kiwanda akaweka misemo mitano kwenye doti moja, sijui angemuuzia nani pale Mikindani.

Rangi ni kesi nyingine. Maandishi mekundu juu ya kijani, ambayo watu wanayapenda sana, yakitazamwa kwa mbali yanazama, maana rangi hizo mbili mara nyingi hukaribiana kwa uzito, yaani kwa kiasi zilivyokolea au kufifia. Tena wapo watu, hasa wanaume, wasiozitofautisha kabisa. Bendera yetu ya Taifa imelikwepa tatizo la aina hiyo: nyeusi haigusani na kijani wala bluu, kila upande imetengwa kwa mstari wa njano.

Kinachoniuma zaidi ni matangazo ya umma. Mkulima amefika ghalani msimu wa korosho, anataka kujua tarehe ya mnada na bei iliyopita. Kwenye tangazo anakutana kwanza na nembo tatu, kisha kichwa cha habari cha mistari minne, yote herufi kubwa, halafu kumbukumbu namba ya barua. Bei imejificha mstari wa tisa. Tarehe na bei ndizo zinazostahili herufi kubwa. Nembo zishuke chini, hakuna aliyekuja kuzisoma.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hamjamalizia malipo, bango lisimamishwe, vukeni barabara, mpeni mtoto wa darasa la tatu alisome. Akikwama, lirudisheni tupunguze maneno. Kupunguza sitozi hela.

Mchora mabango,
Magomeni, Mtwara