Petroli au dizeli kwenye brekidauni ya mtumba: namjibu msomaji wa Mbezi

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua naandika ndefu, utakata mwenyewe ukiona inazidi.

Kuna msomaji wa Mbezi aliuliza humu, ana hela ya kununua brekidauni ya mtumba, yani gari la kubebea na kuvuta magari yaliyoharibika, na kapata mbili za bei inayokaribiana, moja Dyna ya petroli nyingine Canter ya dizeli, sasa achukue ipi. Mkaweka majibu ya watu watatu na wote wanaimba wimbo mmoja, eti petroli haivuti, chukua dizeli, kwisha. Nikacheka, alafu nikakasirika kidogo, maana maneno hayohayo ndo niliambiwa na mimi na yakanitoa milioni kadhaa mfukoni.

Mi navuta magari hapa Ilula, barabara ya Morogoro kwenda Iringa, mwaka wa 12 huu. Shamba langu kubwa ni Kitonga. Anayeijua anajua, asiyeijua ni mlima wa kona kali unaoanza ukishaacha Ruaha Mbuyuni kuja huku juu, malori ya Zambia na Kongo yanapanda pale kwa namba moja mpaka mtu wa miguu anayapita. Gari ndogo nazo zinachemsha, klachi zinaungua, watu wananipigia. Kwa hiyo ninachosema nimekiona kwa macho yangu na nimekilipia.

Brekidauni yangu ya kwanza ilikua ya petroli. Tairi dabo nyuma, injini cc 2000, kitanda cha chuma na winchi, niliuziwa na shemeji yangu aliyekua anaifanyia kazi Sinza na Mwenge. Kule mjini ilikua haina neno. Siku ya kwanza nimepakia Noah pale Mbuyuni, kilo kama 1,600 mgongoni ukiacha uzito wa kitanda chenyewe, naingia mlimani na namba tatu nikijiamini, kona ya kwanza tu nikashuka namba mbili, injini inalia mizunguko elfu nne na kitu, mshale wa joto unanyanyuka taratibu kama mtu anayenyoosha shingo kuchungulia, nikipunguza mguu inataka kufa, nikirudi namba moja natembea kama bibi harusi. Mwenye Noah kakaa pembeni yangu ananiuliza kaka hii itafika kweli? Ilifika. Ila mafuta iliyokunywa siku ile mpaka leo yako kwenye daftari. Ikiwa na mzigo lita moja ilikua inaenda kilometa nne, mlimani hata tatu haifiki. Canter ninayotumia leo na mzigo uleule inanipa sita, saba nikiwa sina haraka.

Sasa hapa ndo watu wanaposema petroli haivuti. Inavuta, ila inavutia juu, mpaka uizungushe. Chukua mfano wa Hilux maana wengi wanaijua. Ile ya petroli ya 2.7, injini ya 2TR, nguvu yake ya kuzungusha ni nyutoni mita 241 na inaipata ukifika mizunguko kama 3,800 kwa dakika. Ya dizeli ya 3.0 yenye taibo, ile feni inayosukumia hewa kwenye injini, 1KD, inatoa 343 na inaanza kuzitoa toka 1,400 tu. Yani mwenzio wa dizeli ndo kwanza anatembea na nguvu zote ziko mkononi, we wa petroli itabidi ukimbie kwanza ndo uzipate. Kwenye tambarare hutaona tofauti kubwa, kwenye mlima na mzigo utaiona, na kwenye bili ya mafuta utaiona zaidi. Alafu huku juu hewa ni nyepesi, Iringa tuko zaidi ya mita 1,500 toka usawa wa bahari, injini isiyo na taibo iwe ya petroli iwe ya dizeli inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hilo watu wa Dar hawalijui kwa sababu haliwahusu.

Basi nikauza ile petroli, nikasikiliza watu, nikanunua dizeli. Na kosa langu liko hapo, nilisikia neno dizeli nikaona zote ni moja. Nikachukua ya kisasa, ya komon reli, yani mafuta yanafika kwenye nozeli zote toka bomba moja la presha kali, ina kompyuta, nozeli za umeme, na lile dude la kuchujia masizi kwenye ekzosti. Miezi mitano ya kwanza nilikua nawacheka wenye petroli. Napanda Kitonga na Prado mgongoni kwa namba tatu nakunywa soda. Mwezi wa sita asubuhi moja haiwaki. Ikawaka kwa shida, inagonga kama mtu anapiga debe kwa nyundo, moshi mweupe.

Fundi wangu hakusema kitu. Alifungua bomba la mafuta kabla ya filta, akakinga kwenye chupa ya maji tupu, akaiweka juu ya pipa, akaenda kunywa chai. Aliporudi akaniita, "mkuu njoo uone." Chini ya chupa maji yamejitenga na mafuta kama tui lililokatika, na juu ukinusa ni harufu ya mafuta ya taa waziwazi. Nilijaza kwenye kidumu cha mtu barabarani usiku mmoja nilipoishiwa, kosa ni langu silibebeshi kituo chochote. Nozeli nne na pampu, pamoja na kusubiri spea, milioni tatu na laki sita na wiki tano gari imelala juu ya mawe.

Ndugu msomaji wa Mbezi elewa kitu kimoja. Pampu ya kizamani ya dizeli ikipewa mafuta mabaya inakohoa, inalalamika, mara nyingi unawahi kumwaga na kusafisha. Komon reli inasukuma mafuta kwa presha inayofika baa 1,600 na zaidi, vyuma vimebanana kiasi kwamba kinachovilainisha ni dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ule ulaini, vyuma vinasagana. Na uchakachuaji hatukuusikia jana, mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake isogee kwa dizeli watu wakose faida ya kuchanganya. Wakenya nao mwaka 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Imepungua sana, haijaisha, hasa ukinunua kwenye vidumu kama mimi mjinga.

Na lile dude la masizi ndo usiseme. Linajisafisha likipata joto kali, yani gari itembee mwendo mrefu. Brekidauni ya mjini inafanya nini? Inatembea kilometa nne, inasimama sailensa, yani injini inawaka bila kutembea, dakika arobaini winchi inavuta na askari anaandika, inarudi kilometa nne. Masizi yanajaa, taa inawaka kwenye dashibodi, gari inajipunguzia nguvu yenyewe. Wengi wanalitoboa wanatupa utumbo wa ndani, mi siwashauri lakini nawaelewa.

Tukirudi kwenye hesabu, maana biashara ni hesabu. Tuseme we wa Mbezi unatembea kilometa 60 kwa siku, Kimara, Ubungo, Kibamba, wakati mwingine mtupu wakati mwingine na mzigo. Petroli ikupe kilometa sita kwa lita, hiyo ni lita 10. Dizeli ikupe nane, hiyo ni lita saba na nusu. Umeokoa lita mbili na nusu. Ukiweka lita shilingi 2,800 ni 7,000 kwa siku, siku 26 za kazi ni 182,000 kwa mwezi, kwa mwaka kama milioni mbili na laki moja na themanini. Sio hela ya kutupa. Lakini matengenezo yangu yale ya mara moja tu yanameza akiba ya zaidi ya mwaka na nusu. Na hapo nimechukulia bei ziko sawa, wakati EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wakitoa bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi utakuta kuna miezi dizeli inaipita petroli, kwa hiyo yule anayekwambia dizeli ni rahisi muulize ni rahisi mwezi gani.

Ila kwenye foleni dizeli ikiwa sailensa inakunywa kidogo mno kuliko petroli, hilo silikatai.

Petroli nayo ina raha zake ambazo wale watatu hawakuzitaja. Ikisumbua ni plagi, koili, pampu ya kwenye tangi, vitu unavipata Ilala au Gerezani siku hiyohiyo, na injini nzima ya kubomoa inauzwa chini kuliko nusu ya ile ya dizeli ya kisasa, mi bei hizo niliulizia mwenyewe. Na kwa nyie wa Dar kuna hili la gesi asilia, injini ya petroli inafungiwa mfumo wa gesi bila kuipasua, ya dizeli ni kazi nyingine kabisa. Mtungi ni mzito na unakula nafasi, na foleni za bajaji kwenye vituo vya gesi unazijua, lakini kwa mtu anayezunguka mjini tu inafaa kuiulizia. Mi huku sijaona kituo cha gesi kwa hiyo kwangu ni hadithi.

Kuteremka hakuna aliyekugusia hata mmoja, na mi naona ndo kubwa kuliko kupanda. Gari ikishindwa kupanda utachelewa, ikishindwa kuteremka ni msiba. Injini ya petroli ukiachia mguu inajifunga koo, inavuta hewa kwa shida, gari inashikwa. Dizeli nyingi hazina kile kizibo, hewa inaingia tu, kwa hiyo peke yake haishiki sana, ndo maana Canter na wenzake wakawekewa ekzosti breki, valvu inayoziba moshi kwenye ekzosti ili injini ishike gari. Sasa kwenye za mtumba mara nyingi ile ekzosti breki imekufa, valvu imeganda kwa masizi au mtu kachomoa waya kwa sababu ya kelele. Ukienda kuangalia gari washa swichi yake, ukiwa kwenye mwendo achia mafuta, usikie gari inazuiwa na mlio unabadilika. Kama hamna, hiyo ni hela utailipa au utailipia.

Leo natumia Canter ya kizamani, injini ya 4D33, cc 4,200 hivi, pampu ya chuma, haina kompyuta ya kuniwashia taa. Ina kelele, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba nikilala nayo Mafinga kwenye ile baridi inanung'unika kabla ya kuwaka, inatoa moshi mpaka majirani wanafunga madirisha. Lakini fundi yeyote toka Chalinze mpaka Tunduma anaijua, na ikipata mafuta mabaya inaniambia mapema. Kwa kazi ya mlima na mzigo mi siiachi kwa petroli yoyote. Ila ningekua Mbezi nafanya kazi Mbezi, na hiyo Dyna ni nzima, ningeichukua bila aibu, na hela ya tofauti ningeweka tairi mpya na kamba mpya ya winchi. Kama Canter yako ni ya pampu ya kizamani na nzima, chukua Canter. Kama ni ya komon reli na mwenyewe hana risiti hata moja ya huduma, mwachie.

Na uzima usiuamini kwa mdomo. Mwambie muuzaji asiiwashe usiku kucha, we nenda saa 12 asubuhi ushike injini kwa mkono kama ni ya baridi kweli. Ukikuta ina uvuguvugu rudi nyumbani. Ikiwaka toa kifuniko cha oili kiache juu ya tundu, kikirukaruka na moshi unatoka kwa mapigo basi ringi zimechoka, na hiyo ni kwa zote, petroli na dizeli. Moshi mweusi kidogo ukikanyaga dizeli ya zamani usiogope, wa bluu uogope, mweupe usioisha gari ikishapata moto uogope zaidi. Fungua rejeta kabla haijapata moto uangalie kama kuna mafuta yanaelea. Alafu angalia ile bati ya uzito aliyoiweka mtengenezaji, kuna watu wanafunga kitanda cha tani nzima juu ya gari ya tani mbili alafu wanataka kubeba Land Cruiser, hapo wala usilaumu injini.

Mwisho pindua kebini usome namba ya injini ulinganishe na kadi. Brekidauni nyingi zimebadilishwa injini, zilikuja za petroli zikafungwa dizeli huku mtaani, sio dhambi, lakini kadi ya gari inaandika aina ya mafuta na namba ya injini. Kama kadi inasema petroli na we unaona pampu ya dizeli inakukodolea macho, mwambie mwenye gari aende TRA akabadilishe kwanza, ndo mkae muongee hela.

Mvuta magari,
Ilula, Iringa