Risala ya Wanafunzi wa Afrika Mashariki kwa Mgeni Rasmi, Malolos, Mkoa wa Bulacan

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wenyeji wetu wa Malolos, mabibi na mabwana,

Sisi wanafunzi wa Afrika Mashariki tunaosoma hapa Ufilipino tunayo furaha kukukaribisha katika hafla ya kufunga ziara yetu ya mafunzo mkoani Bulacan. Umeacha shughuli zako ukaja kutusikiliza, ahsante sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wetu tuliijua Malolos kwa Kanisa la Barasoain tu, lilipofunguliwa bunge la wanamapinduzi tarehe 15 Septemba 1898. Kumbe miaka kumi kabla yake, tarehe 12 Desemba 1888, wasichana 20 wa mji huu walimkabidhi Gavana Mkuu Weyler wa Hispania, iliyokuwa ikiitawala Ufilipino, barua ya kuomba shule ya usiku, wajifunze Kihispania. Paroko alipinga. Hawakuomba hata senti ya serikali. Gharama walikubali kuzibeba wenyewe. Shule ilifunguliwa mwaka uliofuata, ikadumu miezi michache. José Rizal, mwandishi mzalendo wa Ufilipino, akiwa London, aliwaandikia barua ndefu ya kuwapongeza na kuwahimiza. Dada zetu katika msafara huu walitaka jambo hili lisomwe kwanza, nasi hatukuona sababu ya kubisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilichotushika zaidi ni Biak-na-Bato, huko San Miguel. Katika pango la Bahay Paniki harufu ya kinyesi cha popo inakupokea kabla macho hayajazoea giza. Ni katika milima hii ya mawe ya chokaa ambamo Emilio Aguinaldo, kiongozi wa mapinduzi dhidi ya Hispania, alijichimbia mwaka 1897, baada ya Wahispania kumtimua mkoani Cavite. Tarehe 1 Novemba yeye na wenzake walitangaza jamhuri, na katiba yake kwa sehemu kubwa waliinakili ya wanamapinduzi wa Kuba. Desemba ukatiwa saini mkataba: Aguinaldo aende Hong Kong, Hispania ilipe peso 800,000 kwa awamu. Fedha hazikulipwa zote. Mei 1898 Aguinaldo akarudi, mapigano yakaanza upya. Wapo wanaoiona jamhuri ile kama jaribio lililoshindwa. Sisi tunaona mapango yaliwapa muda, na muda ndio waliouhitaji.

Mwaka 1937 Rais Manuel Quezon aliifanya sehemu hiyo hifadhi ya taifa, hekta 2,117. Tatizo ni kwamba milima hiyo ina marumaru ya hali ya juu. Mwaka 1982 ilitolewa leseni ya kuchimba zaidi ya hekta 330, ikafutwa mwaka 1986, na kesi ikaburuzwa hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2004 iliipa serikali ushindi. Pango likilipuliwa kwa baruti, popo hawana pa kurudi, na alipolala mpiganaji hapaonekani tena.

Tungesema pia juu ya Bwawa la Angat, linaloipa Manila sehemu kubwa kabisa ya maji yake, ila muda hauruhusu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu kubwa ni nauli. Wenzetu kadhaa walibaki bwenini kwa kukosa mchango. Tunaomba mambo mawili: utusaidie kupata wafadhili ili ziara hii iwe ya kila mwaka, na utushike mkono kuchapisha kijitabu cha Kiswahili kuhusu Biak-na-Bato, ambacho tumekwisha kuanza kukiandika. Rasimu yake tutakukabidhi leo.

Tunaomba kuwasilisha.