Kisu cha Kiunoni

Himo,
14 Juni

Kwako Bwana Shamba,

Salaam nyingi zikufikie huko milimani. Sisi hatujambo, baridi tu ndiyo inatuonea. Mama watoto anakusalimu, na anauliza kama kweli huko Ugweno ukungu unaingia mpaka jikoni au ulikuwa unatia chumvi.

Barua yako niliipata Jumanne kwa yule kondakta wa Hiace. Niliisoma nimesimama hapo hapo stendi, na nilipofika pale unaposema nikutafutie "kisu cha kuning'iniza kiunoni, kile cha Kimasai chenye ala nyekundu," nikacheka peke yangu mpaka muuza karanga akaniangalia. Bwana wee, umepangiwa Ugweno halafu unaniagiza kisu mimi niliye Himo! Hapo ulipo ndiko kwa Washana, ukoo wa wahunzi. Hao ndio waliokuwa wakiyeyusha mchanga wa chuma tangu zamani, na ndio waliotawala huko kabla ukoo wa Wasuya haujawapokonya utawala. Chuma cha Upareni kilikuwa kinakuja mpaka huku Uchagani, wahunzi wetu wanakifua mikuki na majembe. Yaani babu zetu waliwafuata Wagweno kwa ajili ya chuma, na wewe leo unateremka kunifuata mimi. Ulizia kwanza kwa wazee wa hapo. Ukikosa, soma hii barua mpaka mwisho.

Sasa hiyo sime. Usiinunue. Nakwambia hivyo kwa sababu mimi nilishainunua, Arusha, kwenye duka moja la vinyago, mwaka ule nilioanza kununua mahindi vijijini. Nilivutwa na ala tu: ngozi nyekundu kama damu, imeshonwa kwa shanga. Nikaivaa kiuno cha kulia kama nilivyowaona Wamasai wakivaa, nikajiona mtu. Siku ya kwanza kukaa nayo kwenye Hiace ikanichoma mbavu, nikaigeuza ikamchoma mama wa watu aliyebeba kuku. Wiki ya pili nikawa nayo mkononi namenya muwa, nikaweka kidole gumba mgongoni mwa kisu kama tulivyozoea tangu utoto. Sime haina mgongo, ndugu yangu. Ina makali pande zote mbili. Lile kovu uliloniuliza siku ya harusi, nikakwambia ni kopo la maziwa, basi ndilo hilo.

Siitukani sime. Ile ya kweli ni kifaa cha akili nyingi. Bapa lake linapanuka kuelekea nchani ili uzito ukae mbele, kwa hiyo mtu akifyeka mti wa miiba wa kujengea boma, kisu chenyewe kinamsaidia kupiga. Na hata kwa Wamasai si kila mtu anafua chuma: kazi hiyo iliachwa kwa Ilkunono, watu waliotegemewa kwa kila mkuki na kila sime, na bado wenzao wakakataa kuoana nao. (Mimi jambo hilo huwa linanikera. Unakula kwa kisu cha mtu halafu binti yake humtaki.) Lakini wewe hujengi boma. Wewe unakata kamba za katani, unapunguza maotea ya kahawa, unafungua magunia, unamenya chungwa ukiwa barabarani, na mkulima akikukaribisha nyama hutaki kuomba kisu cha mwenyeji. Kazi hizo zinataka kisu kidogo.

Na ile sime yangu haikuwa ya kweli hata hivyo. Mwezi wa tatu mpini ukaanza kucheza, nikauvuta ukatoka wote. Ndani nikakuta msuka, ule mkia wa bapa unaoingia kwenye mpini, mfupi kama msumari wa kupigilia bati, umegandishwa kwa gundi. Kwenye duka la vinyago hakuna anayekuuzia kisu. Anakuuzia picha ya kisu.

Utasema, kwa nini nisinunue cha kukunja? Ninacho kimoja, kipo kwenye droo. Utomvu wa mgomba ukiingia kwenye ile bawaba yake, kisha vumbi, utakifungua kwa meno. Kisu cha ala hakina pa kuingiza uchafu. Unakichomoa, unakata, unakifuta kwa jani, unakirudisha.

Ninachovaa sasa nilifuliwa Mamba, kwa mzee mmoja karibu na njia ya Marangu. Nilimpelekea kipande cha springi ya Land Rover. Nilifika nikamwamkia, nikaanza kumweleza: meku (ndivyo tunavyomwita mzee huku Uchagani), nataka kisu cha urefu huu, cha upana huu. Hakunisikiliza. Akaniambia, "Leta mkono." Akachana ukanda mwembamba wa gamba la mgomba, akauzungusha kwenye ngumi yangu, akaukata kwa kucha pale ulipokutana. Kisha akanipimia upana wa vidole vinne, akafunga fundo. Ukanda ule akautundika ukutani kwenye msumari, na pale ukutani zilikuwepo kanda nyingine nyingi zilizokauka, kila moja ngumi ya mtu.

Kazi yenyewe nilikaa kuitazama. Zamani walivukuta kwa ngozi za mbuzi. Siku hizi mjukuu anazungusha feni ya mkono na anaonekana kachoka na maisha. Chuma kikawa chekundu, mzee akakifua, akakirudisha, akakifua, bila haraka. Kilipopata umbo akakitia tena motoni, na hapo akatoa kitu ambacho sikukitegemea: sumaku ya spika bovu, imefungwa kwenye waya. Anakigusa kisu, sumaku inanasa, anakirudisha motoni. Anakigusa tena, inanasa. Mara ya tatu haikunasa, na papo hapo akakichovya kwenye debe la oili chafu. Moshi ukatufukuza wote. Chuma cha springi kikipata moto wa kutosha huacha kushikwa na sumaku, na huo ndio wakati wa kukizimisha ili kiwe kigumu. Zamani walisoma rangi kwa jicho tu, lakini mzee anasema macho yake siku hizi yanamdanganya, sumaku haimdanganyi.

Halafu kuna hatua ambayo wahunzi wengi wa barabarani wanairuka. Kisu kikitoka kwenye oili ni kigumu lakini ni kama glasi, kikianguka kwenye jiwe kinavunjika. Mzee akakisugua kwenye jiwe mpaka kikang'aa, akakipasha moto wa mbali, wa chini, akitazama rangi inavyotambaa juu ya chuma. Ilipofika rangi ya majani makavu akakitoa. Akanipa tupa nipitishe kwenye makali: ikateleza bila kung'ata. Ukienda kwa fundi yeyote, nenda na tupa yako. Ikiteleza, chuma kimekomaa. Ikichimba kama kwenye sabuni, mwage fundi kwa heshima uondoke.

Umbo usilisumbukie sana. Urefu wa bapa usizidi upana wa kiganja chako, na kisu kizima, mpini na yote, kisipite shibiri moja. Unene wa mgongoni uwe kama milimita 3. Wanaokufulia kisu cha milimita 6 wanakupa shoka dogo, litapasua chungwa badala ya kulikata. Mgongo uwe butu kabisa, wa kuwekea kidole (nadhani sababu unaijua). Msuka umwombe aupitishe mpaka mwisho wa mpini, aukunje kwa nyundo upande wa pili, na kwenye mdomo wa mpini avishe noleo, yaani pete, la shaba au hata la bomba, ili mti usipasuke.

Mpini wangu ni wa mpingo, mabaki kutoka kwa mchongaji. Ni mzuri lakini mzito, mpingo ukiutia majini unazama. Ningerudia leo ningechukua mbao ya loliondo, ni ngumu na haichoshi mkono. Usikubali mpini wa pembe la nyati, hata ukiambiwa ni la zamani. Hiyo ni nyara ya serikali, na wewe mtumishi wa serikali utaanza kuandika maelezo kituoni kwa ajili ya mpini.

Nimekwambia mengi ya chuma, lakini kinachofanya uvae kisu kila siku au ukiache nyumbani ni ala. Mimi nimebadilisha ala mara tatu, kisu ni kile kile. Ya kwanza ilikuwa ya ngozi iliyokaushwa kwa chumvi. Masika yakaingia, ngozi ikavuta unyevu, asubuhi moja nikachomoa kisu kimeota kutu madoadoa kama ndizi iliyoiva. Ya pili ilikuwa fupi, inameza bapa tu na kuacha mpini wote nje. Nikainama kufunga kamba ya kiatu kwenye mfereji, kisu kikatumbukia. Nilikitafuta kwa mikono kwenye tope nusu saa nzima, naombea nisikipate kwa upande wa makali. Ya tatu nilishonewa na fundi viatu hapa Himo. Ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kiwandani, nene, na inameza nusu ya mpini. Katikati ya mshono ameweka utepe wa ngozi ili makali yasiufikie uzi, na chini ametoboa tundu la maji kutoka. Kitanzi cha mkanda ni kirefu kidogo, kwa hiyo nikikaa ala inalala pajani badala ya kunisukuma. Jaribio lake ni rahisi: kipindue juu chini, ukitikise. Kikibaki, mlipe. Haina hata ushanga mmoja, na ndiyo ninayoipenda.

Kunoa, kinoo cha pande mbili kinatosha. Lowesha, laza kisu, inua mgongo kiasi cha unene wa penseli, na usibadilishe hapo mpaka umalize. Anza upande wa kokoto, malizia upande laini, kisha kipitishe kwenye mkanda wa suruali mara kumi hivi. Wenzetu Waislamu hapo kijijini wakijua una kisu kikali utaazimwa sana siku za Idi, maana kwao kuchinja kwa kisu butu ni kumtesa mnyama. Azimisha, ila waambie wasikate mifupa nacho. Utomvu wa ndizi na wa parachichi utakigeuza rangi kiwe kijivu cheusi; usihangaike kukisugua, huo si kutu. Kutu ni ile nyekundu. Kwenda kulala kifute kikauke, kipake mafuta kidogo, na ukiache nje ya ala.

Jambo moja la kazi yako: usibebeshee miche, yaani kuunga kikonyo kwenye mche mwingine, kwa kisu hiki. Najua utajaribu. Kisu kilichokata kamba na muwa kinaingiza uchafu kwenye kidonda cha mche, na makali yake yamenolewa ubavu wa kulia na wa kushoto, hayatoi mkato ulionyooka. Kisu cha kubebeshea kaa nacho mbali, kwenye boksi lake, na kifute kwa spiriti kila mche.

Na mjini kivue. Sheria inakataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutisha watu, na askari wa stendi hatakuuliza kama una maotea ya kukata. Mimi nikifika Moshi naking'oa kiunoni kinaingia kwenye begi, chini ya makaratasi. Mwaka jana nilijisahau, nikaingia nacho msibani. Nimekaa na wazee kwenye mabenchi, koti limefunguka, kimya kikawa kirefu, mpaka mjomba wa marehemu akaniuliza taratibu, "Kijana, umekuja kuzika au kuchinja?" Nikatoka kwenda kukificha kwenye migomba. Niliporudi kiti changu kilikuwa kimeshakaliwa.

Sasa habari yako. Jana nilipita Mamba nikamweleza mzee kwamba nina rafiki, ni bwana shamba, ana kazi nyingi hawezi kushuka, naomba akufulie kimoja kama changu. Akauliza mkono wako ukoje. Nikasema ni mkubwa kuliko wangu. Akauliza kwa kiasi gani. Nikaonyesha. Akatikisa kichwa akaendelea na kazi. Nikamwambia basi wewe utanitumia kipimo kwa simu, picha ya kiganja juu ya karatasi. Mjukuu alicheka, mzee hakucheka; aliendelea kuchokonoa makaa, kisha akanyoosha kidole kwenye ule ukuta wa kanda za migomba, kwenye msumari mmoja uliokuwa mtupu.

Kwa hiyo njoo Jumamosi ya wiki ijayo. Teremka na gari la asubuhi, nitakungoja hapa stendi. Springi nimeshapata, ya Land Rover, imelala chini ya kitanda na mama watoto ameshajikwaa mara mbili. Njoo kabla hajaitupa.

Wako yule yule,
Mrefu