Kufukia mashimo tu hakutoshi, mto urudishiwe uwanda wake

Ndugu Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kila yakija maongezi ya mito iliyoharibiwa na wachimba changarawe nasikia jibu moja, mashimo yafukiwe, miti ipandwe, mambo yamekwisha. Nia ni nzuri na siibezi, ila mto ukishachimbwa kwa miaka shimo ndo jeraha dogo, jeraha kubwa ni kwamba sakafu ya mto imeshuka na mto umetengana na uwanda wake wa mafuriko, yaani ile ardhi tambarare ya kando ambayo mto ukijaa unaimwagikia, na hilo usipolirekebisha utafukia leo na mafuriko yakija yatafukua.

Mimi kazi yangu ni kushika fimbo ya vipimo. Nasimama ndani ya maji na ile fimbo yenye namba, mwenzangu yuko ukingoni na mashine anasoma, tunasogea hatua kwa hatua mpaka ng'ambo, mwaka ukiisha tunarudi kwenye vigingi vile vile tunapima tena tuone kama sakafu imeshuka. Kuna daraja moja ambalo juu yake na chini yake palichimbwa sana, nilipofika chini nikakuta nguzo ina rangi mbili, juu zege laini lililosawazishwa vizuri, chini zege la mabonge mabonge lenye alama za udongo, maana lile halikumwagwa ili lionekane, lilimwagwa ndani ya shimo la msingi likafunikwa. Sasa lilikuwa nje kabisa na ule mstari wa kukutana rangi mbili ulikuwa juu ya kichwa changu, na mimi hapo nimekanyaga sakafu ya mto. Niliogopa kwa kweli, magari yalikuwa yanapita juu kama kawaida.

Watu wanafikiri ukichota changarawe hapa unaharibu hapa tu. Sio hivo. Mto haubebi maji peke yake, unabeba na mawe, kila mafuriko yanayachukua huku na kuyaweka kule. Ukichimba shimo katikati ya mkondo, maji yanayotoka juu yanaporomoka kuingia shimoni, ule mdomo wa shimo unaliwa kidogo kidogo na unapanda kuelekea juu ya mto, unaweza kwenda kilomita nyingi na kuingia mpaka kwenye vijito ambavyo hakuna aliyewahi kupeleka tingatinga. Alafu upande wa chini nao una shida yake, mawe yamekwama shimoni kwa hiyo maji yanatoka bila mzigo, na yakiwa hayana mzigo nguvu yote yanaitumia kula sakafu na kingo, wataalamu wanayaita maji yenye njaa na jina limekaa sawa. Kama juu kuna bwawa kubwa lililoziba mto ndo mbaya zaidi maana hata mawe mapya ya kujaza pengo hayaji tena.

Sakafu ikishuka, maji ya chini ya ardhi nayo yanashuka kuifuata, visima vya kandokando vinakauka, miti mikubwa inaanza kufa kuanzia vilele. Na uwanda ambao zamani ulikuwa unapata maji karibu kila mwaka unabaki unaning'inia juu kama baraza. Hapa naomba msomaji anielewe vizuri maana ndo kiini cha barua yangu. Mto wenye afya ukijaa unatoka nje, unatanuka, unapunguza kasi, unaacha tope lake kwenye majani. Mto uliochimbwa ukijaa hauna pa kutokea, maji yote yanabanwa humo humo ndani ya mfereji, yanazidi kwenda kasi na yanazidi kuchimba, kwa hiyo hata wachimbaji wakiondoka leo uharibifu unaendelea wenyewe. Anayesema tuuache mto utajiponya ajue unaweza kweli kujiponya, lakini kwa miaka mingi mno, na kama juu kuna bwawa basi huenda usipone kabisa.

Mfano wa mashimo ni mto Merced, kule California, Marekani. Walichimba changarawe ndani ya uwanda, kati ya mashimo na mto wakaacha matuta ya udongo wakaona inatosha. Mafuriko ya Januari 1997 yakavunja matuta, mto ukaacha njia yake ukapitia mashimoni. Hapo unapata dimbwi kubwa la maji yaliyotulia na ya vuguvugu, samaki walao wenzao wanajazana humo wanawasubiri watoto wa samaki aina ya samoni wanaoshuka kwenda baharini. Walipokuja kutengeneza hawakujaza shimo tu na kuondoka, walijenga upya mkondo pamoja na uwanda wake, mkondo wenyewe wakaufanya mdogo unaolingana na maji ya sasa ili ukijaa utoke nje.

Na mfano wa madaraja ni Ureno, tarehe 4 Machi 2001, daraja la Hintze Ribeiro juu ya mto Douro lilikatika usiku, basi lililojaa watu na magari mengine yakaingia mtoni, wakafa watu 59. Msingi wa nguzo ulikuwa umeliwa, na uchimbaji wa mchanga wa miaka mingi ulitajwa kwenye sababu. Kila nikikumbuka ile nguzo ya rangi mbili nawakumbuka hao.

Sasa ukarabati ufanyweje? Kwanza kabisa uchimbaji mtoni usimame, huwezi kufunga kidonda huku kisu bado kinakata. Baada ya hapo ni kuchagua, ama sakafu ipandishwe kwa kurudisha changarawe, ama uwanda ushushwe uwe chini ukutane na maji, mara nyingi ni vyote viwili kidogo kidogo. Mkondo uwe wa kujaa kwa mafuriko yale ya kawaida ya kila mwaka au miaka miwili, yakizidi hapo yatawanyike kwenye uwanda. Cha kujazia mashimo kiwe safi, sio takataka, maana maji ya shimo yanaungana chini kwa chini na maji ya visima. Changarawe ioshwe, ule unga ukibaki unaziba nafasi kati ya mawe na mayai ya samaki yanakosa hewa. Mashimo yaliyo mbali kabisa na mto sioni haja ya kuyafukia yote, yapunguzwe miteremko yabaki madimbwi ya ndege.

Miti nayo jamani. Nimeona mistari ya miche imepandwa juu kwenye lile baraza kavu, kila mmoja na kijiti chake na kamba, msimu wa ukame ukapita tukarudi kupima, ukigusa mche unavunjika kama njiti ya kiberiti. Sio kwamba watu hawakumwagilia, ni kwamba maji yako mbali na mizizi haitayafikia kamwe. Ushushe uwanda kwanza, miti mingine itaota yenyewe kutokana na mbegu zinazoletwa na mafuriko.

Najua tunahitaji changarawe, nyumba na barabara zinajengwa, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 inasema dunia inatumia mchanga na kokoto tani bilioni 50 kwa mwaka. Ila si lazima zitoke mtoni, kuna miamba ya kupasua, kuna zege la majengo yaliyobomolewa linasagwa na kutumika tena.

Ombi langu kwa wanaosaini mikataba ya ukarabati ni moja. Miradi mingi inakabidhiwa siku picha ya miche ya kijani imepigwa, mkandarasi analipwa anaondoka. Msilipe fedha ya mwisho mpaka mto umepita mafuriko angalau mawili na vipimo vimerudiwa kwenye vigingi vile vile, na namba zikionyesha sakafu bado inashuka arudi na mitambo yake.

Wenu, mshika fimbo ya vipimo