Tatizo la Ligi Kuu ni viporo, si idadi ya timu

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa Ligi Kuu Tanzania Bara unapofika lala salama, huibuka mjadala uleule kuhusu idadi ya timu. Wapo wanaotaka ziongezwe ili mikoa mingi zaidi ipate mwakilishi, na wapo wanaotaka zipunguzwe ili ushindani uwe mkali. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini naona pande zote mbili zinapiga nje ya lango, kwa kuwa kinachoiyumbisha ligi yetu ni viporo, yaani mechi zinazoahirishwa na kuchezwa baadaye.

Idadi tumeichezea vya kutosha. Msimu wa 2010/11 zilikuwapo timu 12, msimu uliofuata zikawa 14, mwaka 2015 zikafika 16, kuanzia 2018/19 zikapanda hadi 20, zikashushwa kuwa 18, na tangu 2021/22 tumerudi kwenye 16. Katika safari yote hiyo sura ya bingwa haikubadilika sana. Tangu Mtibwa Sugar ya Turiani itwae ubingwa mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na 2000, ni Azam pekee, tena bila kupoteza hata mechi moja katika 26 za msimu wa 2013/14, iliyoweza kuwapokonya Simba na Yanga kombe hilo. Zamani mambo yalikuwa mchanganyiko zaidi: ligi ilipoanza mwaka 1965 bingwa alikuwa Sunderland, ambayo ndiyo Simba ya leo, lakini baadaye kombe lilikwenda kwa Cosmopolitans mwaka 1967, kwa Mseto ya hapa kwetu Morogoro mwaka 1975, kwa Tukuyu Stars mwaka 1986 ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, na kwa Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Anayedhani kwamba kuongeza au kupunguza timu mbili kutarudisha enzi hizo atueleze kwa nini haikutokea mara zote tulizojaribu.

Ligi ya nyumbani na ugenini inasimama juu ya ahadi moja tu, kwamba kila timu itakutana na kila timu mara mbili, na kwamba zote zitakuwa zikisonga mbele kwa pamoja. Timu 16 maana yake ni mechi 30 kwa kila moja na mechi 240 kwa ligi nzima. Hesabu hiyo inaingia ndani ya msimu wa miezi tisa bila taabu, hata ukiondoa wiki za Taifa Stars, Kombe la Mapinduzi la Zanzibar na michuano ya CAF, Shirikisho la Soka Afrika. Hata hivyo, ifikapo Februari utaufungua msimamo na kukuta timu moja imecheza michezo 20, nyingine 17, na mashabiki wa kila upande wanajumlisha pointi za mechi ambazo hazijachezwa. Msimamo wa namna hiyo haumwambii mtu ni nani anaongoza.

Ubaya wa kiporo ni kwamba anayekicheza baadaye anaingia uwanjani akiwa tayari anajua anahitaji nini, jambo ambalo mwenzake hakulijua. Dunia ililiona hili katika Kombe la Dunia la 1982, pale Ujerumani Magharibi na Austria zilipokutana Gijón, Hispania, zikifahamu kwamba ushindi mwembamba wa Wajerumani ungezivusha zote mbili na kuitupa nje Algeria, iliyokuwa imeshamaliza mechi zake siku moja kabla. Matokeo yakawa bao 1-0, na ndiyo maana mechi za mwisho za makundi sasa huchezwa kwa wakati mmoja. Nakiri kwamba kucheza kwa wakati mmoja si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2016, katika Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, siku ya mwisho ilizaa ushindi wa mabao mengi mno kwa timu zilizokuwa zikigombea nafasi moja ya kupanda, Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) likazishusha daraja klabu zilizohusika, na Mbao ya Mwanza ndiyo ikapanda. Lakini tusiwarahisishie kazi wenye nia mbaya.

Kwetu mfano mkubwa ni mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, iliyopangwa Machi 8, 2025. Usiku wa kuamkia mchezo, Simba ilitangaza kwamba haitacheza kwa madai kuwa ilizuiwa kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi. Siku yenyewe ya mchezo Bodi ya Ligi ikatangaza kuuahirisha, na Yanga ikafika uwanjani pamoja na hayo. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninachotaka wasomaji wakitazame ni kwamba mchezo huo ulichezwa Juni 25, siku tatu baada ya ligi nzima kumaliza mechi zake, Yanga ikiwa na pointi 79 na Simba 78. Yanga ilishinda 2-0 ikawa bingwa. Wapo waliosema huo ulikuwa mwisho mtamu kuliko yote. Ulikuwa mtamu, sikatai, ila ulitufikia kwa ajali, na ratiba haipaswi kutegemea ajali.

Chini ya msimamo hali ni chungu zaidi, ingawa huko kamera haziendi. Timu mbili za mwisho hushuka moja kwa moja, na zile za nafasi ya 13 na 14 huingia kwenye mchujo, ambapo anayeshindwa hukutana na timu ya Championship, kama inavyoitwa sasa ligi ya daraja la pili. Timu ya mkoani ikiahirishiwa mechi dhidi ya klabu kubwa hukaa wiki mbili bila mchezo, kisha hubebeshwa mechi tatu ndani ya siku nane, pengine moja Dar es Salaam na nyingine Bukoba, umbali unaozidi kilomita 1,000 kwa basi. Kiporo si chake, lakini gharama ni zake.

Hakuna anayezitaka klabu zetu ziache kufanya vizuri Afrika; Yanga imefika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 na Simba mwaka 2025, na sote tulishangilia. Ninachopendekeza ni kwamba Bodi ya Ligi, inapotoa ratiba kabla ya msimu, itaje humohumo tarehe za akiba kwa kila timu inayoshiriki michuano ya CAF, ili mechi ikiahirishwa siku yake mpya iwe inajulikana tayari. Kiporo chochote kichezwe kabla ya raundi tano za mwisho kuanza, na sababu ya kila ahirisho itangazwe kwa maandishi, ikitaja kifungu cha kanuni kilichotumika. Haya yote yanaweza kuingizwa kwenye kanuni za msimu ujao kabla ratiba haijachapishwa.

Mpenzi wa soka,
Morogoro